Neno Alilolizuia Saimi

Latvaperä, Jumatatu 21 Agosti

Oiva,

Tuulikki amekuja leo asubuhi na tepu ya kupimia. Nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Akaniamkia mbiombio, akapita moja kwa moja sebuleni, akapanda kiti na kuanza kupima madirisha. Nikamuuliza, "Mwanangu, unapima nini?" Akacheka. "Mapazia, mama. Haya yenu mtahama nayo kisiwani au mnatuachia?"

Samaki wakaungua, Oiva. Nilisimama pale na mwiko mkononi, binti yangu wa kumzaa akinieleza kwamba jana, baada ya ibada, kwenye kahawa, baba yake amempa nyumba. Nyumba hii. Yeye na mumewe na watoto wao wanane wahamie kabla ya Krismasi, kwa kuwa "baba na mama wameamua kuishi maisha mepesi". Wameamua! Mama ndiyo kwanza anasikia, tena kutoka kwa mtu aliyesimama juu ya kiti.

Jana ulipoinuka kutoa ushuhuda mbele ya nyumba nzima ya sala na kusema "Mungu ametuita", nilidhani ulimi umeteleza. Juni ulikwenda kisiwani kuvua samaki wa kiangazi. Ulichukua nguo za kiangazi, nilizikunja mimi mwenyewe. Halafu unakuja siku moja, unaliza watu kwa maneno matamu, unatoa nyumba yangu kati ya kikombe cha kwanza na cha pili, na kabla sijakupata pembeni umeshaingia kwenye boti ya Rauno anayekuvusha ziwani, unatupungia mkono!

Akina mama walinizunguka pale nje. "Saimi, umebarikiwa kupata mume wa namna hiyo. Unamfuata lini?" Nijibu mimi sasa, maana kisiwani huna simu na kwa makusudi hutaki kuwa nayo: ni nani aliyekupa ruhusa?

Saimi


Kisiwa cha Honka, Jumapili 27 Agosti

Salamu ya Mungu, mke wangu mpenzi!

Rauno ameniletea barua yako pamoja na unga. Nimeisoma mara mbili nikasikitika, kwa maana naona adui anataka kuingia kati yetu wakati tuko karibu na neema kuliko siku zote.

Nisamehe kama nimekukosea kwa kutokukwambia mapema. Na mimi nimekusamehe kwa maneno yako makali. Basi hayo tuyaache yazame baharini.

Laiti ungeona asubuhi za huku! Natega wavu, nachota maji, napasua kuni, nasoma Neno kwa mwanga wa dirisha. Hakuna kinacholia wala kumulika. Kibanda cha marehemu mjomba ni chumba kimoja na jiko la kuni, lakini kinatutosha. Miaka yote nilikuwa fundi wa nguzo, navuta nyaya za umeme kutoka kijiji hadi kijiji, na sasa ndipo naona ni kelele kiasi gani tulizowapelekea watu pamoja na zile nyaya.

Tufikirie pia hili, Saimi. Tuulikki ana watoto wanane katika vyumba vitatu. Sisi wazee wawili tuna vyumba sita na sakafu inayojipasha moto yenyewe. Siku nikiulizwa na Bwana wangu nitamjibu nini? Njoo kabla ziwa halijaganda. Nimekutengenezea rafu ya vikombe.

Amani ya Mungu ibaki nawe,
Oiva wako


Latvaperä, Jumatatu 4 Septemba

Oiva,

Umenisamehe mimi! Kwa kosa gani, la kushika mwiko?

Sikiliza, fundi wa nguzo. Maisha yasiyo na umeme wewe umeyajulia wapi? Wewe ni mtoto wa kijiji kikubwa chenye kanisa, kwenu taa ilikuwepo kabla hujaota meno. Mimi nimezaliwa ndani ya maisha hayo mepesi unayoyahubiri. Nimechota maji tangu nikiwa mfupi kuliko ndoo. Nimesimama na mama yangu ziwani Januari, kwenye tundu la barafu, tukisuuza nguo za watu kumi na mmoja, na mama akiingiza vidole mdomoni ili avisikie tena. Ulimkuta akiwa na miaka arobaini na mbili ukanong'ona kumuuliza kaka yangu, "Huyu ni bibi yenu?" Nilikusikia.

Na unakumbuka kilichotokea siku mlipowasha umeme kwetu? Watu wengine walinunua redio. Mama yangu, mwanamke aliyekuwa anaogopa dhambi kuliko moto, alimkodisha jirani ng'ombe mmoja kwa mwaka mzima, akalipwa mapema, akanunua mashine ya kufulia. Akaketi mbele yake kwenye kigoda, mikono mapajani, akaitazama ikizunguka mchana kutwa. Hakuwahi kuketi mchana maishani mwake. Wewe ulikuwa bado juu ya nguzo pale uani, ukamwona dirishani, ukashuka ukaniambia, "Mama yako analia." Nikakupenda siku hiyo hiyo, bwege mimi.

Leo unaniambia ilikuwa kelele. Mwambie mama yangu kwamba ni kelele!

Kuhusu Tuulikki usinifundishe huruma. Kila Jumanne na Ijumaa nguo zao zinafuliwa kwenye mashine yangu. Kila siku kuna mjukuu mezani kwangu. Lakini mtu akiwa na huruma anatoa kilicho chake. Wewe umetoa cha kwangu, halafu sifa ukabeba wewe.

Kwenye rafu ya vikombe panga samaki.

Saimi


Kisiwa cha Honka, Jumamosi 16 Septemba

Salamu ya Mungu, Saimi.

Ndiyo, naiandika, hata kama wewe umeacha kuniandikia. Barua mbili sasa zinaanza na jina langu tupu kama hati ya polisi. Sisi tunajua maana yake. Mtu wa nyumba ya imani humsalimu mwenzake kwa salamu ya Mungu, na asiyesalimiwa hivyo ni mtu wa nje. Je, mimi kwako ni mtu wa nje? Au ni wewe uliyetoka? Sijalala vizuri kwa swali hilo.

Leo ni Jumamosi. Nimewasha sauna, nimeoga, nimevaa shati safi. Kwa miaka yote ya ndoa yetu, Jumamosi baada ya sauna tumeketi kitandani tukaombana msamaha, na kila mmoja akamtangazia mwenzake kwamba dhambi zake zimesamehewa. Wewe unajua kwamba mtu hawezi kujitangazia mwenyewe. Lazima litoke kwenye mdomo wa mwamini mwingine. Mimi huku nina Rauno tu, na Rauno anaamini bia na kamari ya farasi.

Kwa hiyo naomba rasmi, kwa unyenyekevu. Nimekosea kutokukuuliza. Niandikie lile neno: kwamba niamini dhambi zangu zote zimesamehewa katika jina na damu ya Yesu. Wazee wetu waliandikiana katika barua, na likawa na nguvu ile ile. Mstari mmoja tu. Huninyimi mimi peke yangu ukininyima, unajua vizuri ni nani mwingine unayemziba mdomo.

Oiva


Latvaperä, Alhamisi 28 Septemba

Oiva,

Sikuandiki neno. Na nitakwambia kwa nini, tena nitakwambia polepole, maana sijawahi kupewa nafasi.

Salamu sikuiandika kwa sababu nilikuwa na hasira. Basi, hakuna jingine. Naamini kama nilivyoamini jana. Usinitangaze kwa watu kwamba nimeanguka, maana ushatangaza ya kutosha.

Lakini msamaha ni jambo jingine. Kwetu dhambi ikishasamehewa imezikwa, na anayeichimbua ndiye anakuwa mkosaji. Ni sheria nzuri. Nimeifundisha kwa watoto wetu tisa. Ila wewe umegundua mlango wa nyuma wa sheria hiyo, na umepita hapo maisha yako yote.

Nikiwa na mimba ya Eljas, miguu imevimba siwezi kuvaa viatu, uliwaambia wazee kwamba mkutano wa majira ya baridi utafanyika kwetu. Watu sitini! Niligeuka kutoka kwenye jiko nikafungua mdomo, ukasema, "Nisamehe, Saimi, utanitangazia?" Watoto wanatazama. Ningefanyaje? Nikakutangazia. Likazikwa. Nikapika.

Ulimpa ndugu yako Valto gari letu. Niliona nafasi yake tupu uani asubuhi, na kabla sijavua kilemba changu cha usingizi ulikuwa mlangoni na macho ya mtoto: "Nisamehe." Likazikwa. Nikatembea kwenda dukani majira mawili ya baridi, nikiwavuta watoto kwenye sleji juu ya theluji.

Unaomba haraka, Oiva! Unaomba kabla mtu hajavuta pumzi. Wenzetu wanakusifu kwamba una moyo laini, hauchelewi kutubu. Mimi ndiye ninayejua kwamba unatubu ili ninyamaze. Nimemeza maneno miaka yote hii mpaka koo langu limezoea. Hili la nyumba halipiti.

Nikikutangazia leo, kesho siruhusiwi kusema neno nyumba. Tuulikki anahamia, mimi nahamishiwa chumba cha juu na blanketi langu au napelekwa kwenye rafu yako ya vikombe, na nikilalamika mimi ndiye mwenye dhambi. Hapana. Kwanza nitamaliza kusema. Kama hiyo ni dhambi, nitaibeba mwenyewe mpaka kwa Mwenyewe.

Saimi


(Kwenye sanduku la barua la nyumbani, bila stempu)

Jumatatu 9 Oktoba

Salamu ya Mungu, mama.

Nimegonga mara tatu na najua uko ndani, nimesikia mashine inazunguka. Simu hupokei. Basi nakuandikia kama baba.

Tumeshampa mwenye nyumba taarifa kwamba tunatoka Desemba. Tuliamini neno la baba. Kwa nini tusingeamini? Amesema mbele ya watu. Wasichana wakubwa wawili wanalala kitanda kimoja kichwa kwa miguu, mdogo analala kabatini, na siyo utani, tumetoa milango tukaweka godoro. Mama, huna haja ya vyumba sita. Huko kwenye mkutano wanauliza kama ni kweli mama yangu amekataa kumsamehe baba. Nimeona haya mpaka nikaenda kujificha kwenye gari.

Kama umenikasirikia mimi, sema. Kama ni yeye, kwa nini tunaadhibiwa sisi?

Tuulikki


Kisiwa cha Honka, Jumamosi 21 Oktoba

Saimi,

Umeona? Na mimi naweza kuanza hivyo.

Rauno anaitoa boti majini kesho. Ukingoni barafu ishaanza kushika. Hii ndiyo barua ya mwisho mpaka ziwa libebe mtu, basi na mimi niseme langu.

Umenipaka matope. Kila toba yangu umeigeuza hila. Mtu akiomba msamaha upesi ni mjanja, akichelewa ana moyo mgumu, sasa afanye nini? Na watu wameshaanza kujua, Tuulikki kaniandikia akilia. Wewe unashikilia neno la Mungu kama mwenye duka anavyoshika funguo.

Unataka kujua kwa nini niliondoka? Nitakwambia, maana huwezi kunichukia zaidi ya hapo. Ndani ya nyumba ile hakuna anayenihitaji. Sakafu inajipasha. Maji yanakuja yenyewe. Taa ya uani inajiwasha mtu akipita. Nilivuta nyaya miaka yote hiyo mpaka nikajifuta kazi mwenyewe. Naamka, naketi, nahamia kiti kingine, wewe unanizunguka na ufagio: "Inua miguu, mzee." Huku, nisipoenda kuchota maji, maji hayaji. Nisipopasua kuni nitakufa. Nilimshukuru Mungu kwa hilo nikaliita wito. Labda halikuwa wito, sijui tena. Lilikuwa zuri.

Basi kaa na sakafu yako. Kaa na mashine yako na vyumba sita na uchungu wako. Mimi nitakaa na Mungu.

Oiva


Kisiwa cha Honka, Jumapili 3 Desemba, ya kwanza ya Majilio

Saimi,

Rauno amefika leo kwa miguu, akitoboa barafu mbele yake kwa chuma kila baada ya hatua chache aone kama itambeba. Nilipomwona nilimkumbatia, akaogopa. Amekuja na barua kutoka kwa wengine wote ila wewe. Haki yako.

Niliugua. Homa tu, na kikohozi, lakini jiko lilizimika na sikuweza kuinuka kuliwasha. Nililala na koti na buti. Siku ile nilielewa kwamba ningekufa, mimi na wewe tukiwa na maneno yale ya mwisho kati yetu, "kaa na mashine yako". Nilijaribu kujitangazia. Nilisema kwa sauti, kwa jina langu: "Oiva, amini." Saimi, hakuna kilichotokea. Ilikuwa sauti ya mzee kwenye chumba cha baridi. Nililia kama mtoto, na hasira pia, nilikuwa na hasira na wewe hata wakati ule. Sikufichi.

Nilipopata nafuu shuka lilikuwa linanuka homa. Nikalichukua, nikatoboa barafu, nikapiga magoti kulisuuza. Shuka moja. Lilikuwa zito sijui niseme nini, lilivuta kwenda chini, na mikono iliacha kuwa yangu. Niliingiza vidole mdomoni. Sikukumbuka kwamba uliwahi kuniandikia hilo, nilifanya tu, na vilipokuwa mdomoni ndipo nikakumbuka. Nikaketi pale kwenye barafu na shuka likaganda mbele yangu likasimama kama mlango. Moja, Saimi. Ninyi mlikuwa kumi na mmoja.

Nilisoma barua yako ya Septemba tena na tena. Mara ya kwanza nilitafuta mahali ulipokosea ili nikujibu. Baadaye nikaanza kuyakumbuka mengine ambayo hukuandika. Kuhusu shule ya Eljas. Kuhusu mazishi ya mama yako, nilipoondoka kabla ya kahawa kwenda kuhubiri. Ulifungua mdomo mlangoni. Mimi nikawahi. Ni kweli, niliwahi kila mara. Nilikuwa naogopa utakachosema.

Nimemwandikia Tuulikki, Rauno anaichukua pamoja na hii. Nimemwambia nilitoa kisicho changu, na kama kuna nyumba ya kupewa, aiombe kwako, na akubali jibu lolote. Nimewaandikia wazee pia, waisome mbele ya watu kama vile nilivyosimama mbele ya watu: Mungu hakutuita, nilikwenda mwenyewe.

Nilitaka kumalizia barua hii kwa kuomba msamaha. Kalamu ilishafika hapo. Nimeizuia. Usinisamehe bado, Saimi. Sema kwanza. Yote, na yale niliyoyazika pia. Nitakaa kimya.

Oiva


Latvaperä, Ijumaa 8 Desemba

Oiva,

Barua yako ilisomwa Jumatano baada ya ibada. Mzee aliyeisoma alikohoa sana. Wale akina mama walionizunguka Agosti walivaa makoti yao upesi kweli kweli.

Nimezungumza na Tuulikki. Wasichana wawili wakubwa wanahamia vyumba vya juu wiki ijayo, kila mmoja na kitanda chake, na mwenye nyumba amekubali hao wengine wabaki walipo. Nimeamua hivyo mimi. Nilitaka kuamua hivyo tangu siku ya tepu, laiti kuna mtu angeniuliza. Mmoja anataka kupaka ukuta rangi ya zambarau. Nimekubali hilo pia, na halikuhusu.

Hilo la kuzungukwa na ufagio limeniuma. Ungeniambia. Nilikuwa nafurahi kila nikigeuka kukuona umekaa pale kwenye kiti, nikajisemea, hatimaye amekaa. Nilidhani unapumzika. Lakini nalo ni jambo la kusema ana kwa ana, na nina mengi kabla ya hilo.

Rauno anasema barafu itabeba pikipiki yake ya theluji kesho kutwa mchana. Nitakuwa nyuma yake, na mgongo wangu huu, kwa hiyo ujue hasira niliyo nayo ni kubwa kiasi gani. Sileti nguo za kuhamia. Naleta mkate, dawa ya kifua, na mashuka mawili makavu. Nitalala siku moja, mbili zikihitajika. Nikimaliza narudi nyumbani. Ukitaka tutarudi wote, na ukitaka kubaki utabaki, hilo litakuwa lako kuamua na mimi sitakuamulia mbele ya watu.

Naanza na mkutano wa watu sitini. Halafu gari. Halafu mazishi ya mama, hapo patachukua muda. Usinikatize, usisome mstari wowote wa Biblia, na usiniambie eti chai inapoa.

Na usilie, Oiva. Nakuomba sana. Ukilia nitakuonea huruma, na nikikuonea huruma nitakusamehe, na bado nitakuwa sijafika hata nusu.

Saimi